Sumu Isiyotiwa na Mtu: Mazungumzo Juu ya Ugonjwa wa Kiwele

*Haya ni maneno yaliyozungumzwa na mhudumu wa mifugo mbele ya vikundi vya ng'ombe wa maziwa, siku ya mafunzo katika ukumbi wa parokia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika navyo viyasome pamoja.*

 

  Najua wengine mmekamua saa 10 usiku ili mfike hapa mapema. Basi sitawapotezea wakati.

Nitaanza na kisa kimoja. Sitataja jina la mtu wala la kikundi, kwa sababu wenyewe wako hai.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi cha akina mama waliokuwa na mpango wa kupokezana ng'ombe. Mmoja anapewa mtamba wa gredi, na ndama jike wa kwanza anapewa mwenzake anayefuata kwenye orodha. Mnaujua mpango huo. Mama mmoja zamu yake ikafika, ng'ombe wake akazaa salama. Siku ya tano asubuhi ng'ombe akala vizuri, akatoa maziwa mengi. Mchana jirani yake, ambaye ndiye aliyekuwa anafuata kwenye orodha, alipita akamletea mzigo wa nepia. Jioni ng'ombe akakataa chakula, akaanza kutetemeka. Robo moja ya kiwele ikawa moto na ngumu kama jiwe. Kufikia usiku alikuwa amelala chini, masikio baridi. Wakanunua penisilini dukani, mtu akamdunga. Kabla jogoo hajawika, ng'ombe akafa.

Mnaweza kukisia kilichofuata. Watu wakauliza, "Ng'ombe mzima asubuhi, amekufa usiku. Nani aliingia zizini?" Na jibu likapatikana upesi: yule jirani na nepia yake. Wengine wakasema ni sumu, wengine wakasema ni jicho baya. Aliyemdunga sindano naye akalaumiwa.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilifika kesho yake na pikipiki, nikatazama kiwele, nikasema, "Huu ni ugonjwa wa kiwele," nikaandika kwenye daftari langu nikaenda zangu. Sikueleza kitu. Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe nimewaacha na swali lile lile: ugonjwa wa kiwele gani unaua ng'ombe kwa usiku mmoja kama sumu?

Leo nataka kusema yale niliyopaswa kuyasema siku ile. Na jambo la kwanza ni hili: wale akina mama hawakukosea kabisa. Sumu ilikuwako kweli. Lakini hakuna mtu aliyeitia.

Kijidudu na koti lake

Ndani ya matumbo ya kila ng'ombe, na ndani ya matumbo yetu sisi pia, kuna vijidudu vingi sana. Kimoja chao kinaitwa *E. koli*. Jina hilo linatokana na daktari Theodor Escherich, aliyekieleza mwaka wa 1885. Kikikaa tumboni, kwa kawaida hakina taabu. Kinatoka na samadi, kinakaa kwenye matope ya zizi na kwenye matandiko yaliyolowa. Taabu huanza kikipata njia ya kuingia mahali pasipo pake, kwa mfano kupitia tundu la chuchu hadi kwenye kiwele.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kijidudu hiki kimevaa koti. Ukuta wake wa nje umejengwa kwa kitu cha mafuta na sukari vilivyoshikamana, ambacho wataalamu wanakiita endotoksini. Maana yake ni sumu ya ndani. Nyoka anayo sumu ambayo humtemea adui. Kijidudu hiki hakitemi. Sumu yake ni sehemu ya mwili wake mwenyewe, na humwagika hasa kinapokufa na kupasuka.

Aliyeiita jina hilo ni Mjerumani Richard Pfeiffer, aliyekuwa akifanya kazi na Robert Koch huko Berlin. Mwaka wa 1892, katika utafiti wa vijidudu vya kipindupindu, aliona jambo la kushangaza. Aliviua vijidudu kwa moto, kisha akawadunga wanyama wadogo wa maabara. Vijidudu vimekufa, sivyo? Lakini wanyama wakafa vile vile. Akaelewa kwamba maiti ya kijidudu inabaki na sumu, na moto haukuiondoa.

Hapo kuna somo la nyumbani. Maji ya kuchemsha ni mazuri kwa kunywa, kwa sababu vijidudu vimekufa. Lakini usichanganye dawa ya sindano na maji ya sufuria hata yakichemka saa nzima, kwa sababu endotoksini haiharibiki kwa kuchemshwa. Maabara huiondoa kwenye vyombo vya glasi kwa joto kavu la nyuzi 250, karibu nusu saa. Hakuna jiko letu la kuni linalofanya hivyo kwa maji. Tumia maji maalum ya sindano yanayouzwa pamoja na dawa.

Walinzi wa kiwele

Je, endotoksini inamuua ng'ombe vipi? Mtu angefikiri inachoma nyama kama asidi. Hapana. Peke yake karibu haifanyi kitu. Kinachofanya kazi ni askari wa ng'ombe mwenyewe.

Ndani ya kiwele kuna chembe nyeupe za damu zinazolinda. Mfikirie kama wale askari wa usiku wanaozunguka soko na tochi. Zinaitwa makrofaji. Kila moja ina kitu juu ya ngozi yake, tukiite kipokezi, kinachotambua koti la vijidudu hivi. Hata kiwango kidogo sana cha endotoksini kikigusa kipokezi hicho, mlinzi anapiga kamsa. Chembe za kiwele chenyewe nazo zinapiga kelele.

Kamsa hiyo ni kemikali zinazotolewa na kusambaa. Zikifika kwenye ubongo, mwili unapandisha joto, na hiyo ndiyo homa. Zikifika kwenye mishipa midogo ya damu, kuta zake zinalegea ili askari wengine watoke kwenye damu waingie kwenye kiwele. Askari hao wa akiba huitwa nyutrofili, nao humeza vijidudu na kuviua. Ndiyo sababu robo inavimba, inakuwa nyekundu na moto. Na yale mabonge mnayoyaona kwenye maziwa yamejaa askari waliokufa vitani.

Mkiona mtu wa ushirika anapima maziwa kwa kile kibao chenye vishimo vinne, anatia dawa na maziwa yanageuka mlenda, mjue dawa ile ni aina ya sabuni. Inapasua chembe za ng'ombe zilizomo kwenye maziwa, na vilivyomo ndani yake ndivyo vinavyokuwa mlenda. Mlenda mzito maana yake vita ni vikali.

Basi askari wakifika mapema, wakakuta vijidudu ni vichache, wanavimaliza. Ng'ombe anakuwa na maziwa ya majimaji siku moja mbili, halafu anapona, pengine hata bila dawa. Hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini askari wakichelewa, hesabu inageuka. Kijidudu hiki kwenye maziwa yenye joto la mwili kinaweza kugawanyika kila dakika 20 hivi. Kimoja kinakuwa 2, viwili vinakuwa 4, vinne vinakuwa 8. Kama hakuna wa kuvizuia, katika saa 8 kimoja kimekuwa zaidi ya milioni 16. Askari wakifika sasa na kuanza kuua, kila kinachopasuka kinamwaga koti lake. Sumu inajaa, kamsa inapigwa kiwele kizima, halafu inaingia kwenye damu na kupigwa mwili mzima.

Hapo mishipa inalegea kila mahali, si kwenye kiwele peke yake. Maji ya damu yanavuja nje ya mishipa. Msukumo wa damu unashuka, moyo unakimbia, masikio na miguu inakuwa baridi. Ng'ombe anaanguka. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ng'ombe wa yule mama aliuawa na vita vya kumtetea.

Basi kwa nini Mungu aliumba kamsa?

Mzee mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, kama kamsa ndiyo inaua, si afadhali isingekuwako?" Ni swali zuri, na wataalamu wamelijibu.

Kuna ukoo wa panya wa maabara ambao tangu miaka ya 1960 ulijulikana kuwa endotoksini haiwagusi. Unawadunga kiasi cha kuua panya wengine, wao wanatembea tu. Mwaka wa 1998 kundi la Bruce Beutler huko Marekani liligundua sababu: panya hao wana hitilafu kwenye kipokezi kile, kinachoitwa TLR4. Walinzi wao hawaioni sumu. Kwa kazi hiyo Beutler alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2011.

Mngedhani panya hao wana bahati. Lakini ukiwapa vijidudu hai vya salmonela, hata vichache tu, wanakufa upesi kuliko panya wengine. Hakuna kamsa, kwa hiyo hakuna askari, na adui anaongezeka kimya kimya.

Kwa hiyo kamsa si adui. Mlinzi asiyepiga filimbi ni hatari kuliko mlinzi mwenye kelele. Tunachotaka ni kamsa ipigwe mapema, wakati wezi ni wawili, si wakati wamejaa kijiji kizima. Na hiyo, ndugu zangu, ndiyo kazi yetu wafugaji: kufanya wezi wawe wachache.

Wanyama nao hawalingani. Panya na kuku huvumilia endotoksini nyingi sana. Ng'ombe, farasi, kondoo, na sisi binadamu tunashtuka kwa kiasi kidogo. 

Kwa nini siku ya tano baada ya kuzaa?

Ng'ombe akikaribia kuzaa na siku za kwanza baada ya kuzaa, askari wake wanakuwa wazito. Mwili umechoka, unatoa maziwa mengi kuliko chakula anachokula, na nyutrofili hazikimbii kama kawaida. Kiwele nacho kimejaa, chuchu zinavuja. Mwizi anakuta mlango wazi na askari amesinzia. Ongezeni mvua ya masika na zizi lenye matope, mmemaliza hesabu.

Tena siku hizo watu huchanganya ugonjwa huu na homa ya maziwa, yaani ile inayoletwa na upungufu wa kalsiamu. Yote mawili ng'ombe analala chini, masikio baridi. Kwa hiyo nawaomba: ng'ombe aliyezaa karibuni akianguka, kabla hujasema ni hiki au kile, shika kiwele. Kamua kila chuchu kidogo. Ukiona maziwa ya majimaji ya rangi ya manjano, kama maji ya mtindi uliokatika, au yenye chengachenga, umeijua habari.

Dalili zikitokea, fanya nini?

Mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Usingoje kesho. Joto la kawaida la ng'ombe ni nyuzi 38.5 hivi; likipanda kupita 40 ni hatari. Lakini likishuka chini ya kawaida na ng'ombe bado ni mgonjwa, hatari ni kubwa zaidi. Usifurahi ukidhani homa imeisha.

Mpe maji safi ya kunywa, mweke mahali pakavu penye kivuli. Kama analala chini, msaidie alalie kifua, asilale ubavu. Robo iliyougua ikamuliwe kwenye chombo, maziwa yamwagwe shimoni, si sakafuni. Usiyachanganye na ya kupeleka ushirika, wala usimpe ndama.

Na ile penisilini ya dukani? Penisilini ya kawaida inashindwa na kijidudu hiki, kwa sababu koti lile lile lenye sumu ndilo pia ngao yake. Dawa haipenyi vizuri. Na hata dawa inayofaa ikiviua vijidudu, sumu iliyokwisha kumwagika haifi navyo. Ndiyo maana daktari huleta pia maji ya kuingiza kwenye mshipa, dawa ya kutuliza kamsa, na mara nyingine kalsiamu. Yule aliyemdunga ng'ombe usiku ule hakumuua. Alipeleka tu panga kwenye moto uliohitaji maji.

Kuziba ufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya hapa si ya gharama kubwa:

1. Mahali pa kulala pawe pakavu. Ondoa samadi kila siku, asubuhi na jioni. Matandiko yaliyolowa yatolewe. Maranda mabichi yaliyolowa ni shamba la vijidudu.
2. Ng'ombe anayekaribia kuzaa apate mahali safi kuliko wote. Wengi wetu tunamweka pembeni kwenye matope kwa sababu hakamuliwi. Tunakosea.
3. Osha mikono kwa sabuni. Osha chuchu kwa maji safi, kisha zipanguse zikauke kabisa, kila ng'ombe na kitambaa chake. Chuchu yenye maji inateremsha uchafu moja kwa moja kwenye tundu.
4. Kamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi, uyatazame. Hicho ndicho kipokezi chako wewe mfugaji.
5. Ukimaliza kukamua, chovya chuchu kwenye dawa yake. Inasaidia zaidi kwa vijidudu vinavyotoka ng'ombe hadi ng'ombe. Kwa hivi vya samadi, ukavu na usafi ndiyo ngao kubwa.
6. Mpe chakula mara tu baada ya kukamua, ili asimame nusu saa au zaidi. Tundu la chuchu halifungi mara moja. Akilala upesi, analaza mlango wazi juu ya samadi.

Akina mama, mambo haya si ya ng'ombe peke yake. Walinzi wetu wana kipokezi hicho hicho, na vijidudu vya namna hii vikiingia kwenye damu ya mtu, vita ni vile vile. Mama aliyejifungua akipata homa kali na kutetemeka, apelekwe hospitali mara moja. Na anayemzalisha aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa.

Kuhusu lile kundi

Mtauliza mambo yaliishia wapi. Nilirudi baada ya miezi mingi, nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi leo. Tulikwenda pamoja kwenye lile zizi. Mwenye ng'ombe mwenyewe ndiye aliyeonyesha kwa kidole mahali mnyama alipokuwa akilala: bonde dogo kwenye kona, mkojo na samadi vimesimama. Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Mimi nilitafuta sumu kwenye nepia ya mwenzangu, na nilikuwa naikanyaga kila siku." Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Walikwenda kumwomba msamaha yule jirani. Aliwapokea, akawapa chai. Lakini kikundini hakurudi. Kikundi kipo hata leo, wana ng'ombe wengi, na orodha imeendelea. Jina moja tu halijarudi kwenye daftari. Ng'ombe anaweza kulipwa kwa ndama wa mwingine. Jina la mtu ni vigumu.

Kwa hiyo nikiwaomba mwondoe samadi, siwaambii hivyo kwa ajili ya maziwa peke yake. Na mnyama akifa ghafula, kabla hatujauliza ni nani aliyeingia zizini, tuulize kwanza: ng'ombe alilala wapi?

 

*Maswali ya kujadili katika kikundi*

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtu aliyewahi kulaumiwa kwa kifo cha mnyama? Mambo yaliishaje?
2. Tukitembelea mazizi ya wanachama wote wiki hii, ni mangapi yana mahali pakavu pa ng'ombe kulala?
3. Nani anayo namba ya daktari wa mifugo, na tutalipaje gharama yake usiku, kabla ng'ombe hajaugua?